Wasaa wa Mzazi na Kengele ya Shule

Iko ahadi moja ambayo wazazi wengi, hasa akina mama, hujipa wenyewe bila shahidi wala mkataba. Mwenye watoto wadogo akiulizwa habari ya kazi aliyoianza akaiacha, cherehani iliyofunikwa kitambaa, masomo yaliyokatika njiani, au daftari la mashairi lililo chini ya godoro, hujibu kwamba jambo hilo linangoja watoto waanze shule. Siku hiyo ikifika, husema, asubuhi itakuwa yake. Katika makala haya nataka kuipima ahadi hiyo kwa mizani ya fasihi, kwa sababu naona sisi wahakiki tumeipokea kwa wepesi mno. Tukimwona mwandishi mwanamke ametoa kitabu kimoja chembamba baada ya miaka ishirini ya kimya, aghalabu twauliza kipaji chake kilikuwa na upungufu gani. Ni mara chache twauliza saa zake zilikwenda wapi.

Kabla ya kuingia katika vitabu, yafaa tuyatazame maneno yetu wenyewe, maana Kiswahili kimekwisha kulipambanua jambo hili kabla yetu. Twasema wasaa, twasema nafasi, twasema faragha. Yote matatu yametoka katika Kiarabu, na kila moja limekuja na sura yake. Wasaa una maana ya upana ndani yake. Mwenye wasaa amepewa uwanja wa kutembea bila kugonga ukuta. Faragha ina maana ya utupu. Ni mahali ambapo wengine hawapo. Nafasi imetokana na pumzi. Ni muda wa kuvuta hewa kati ya jambo moja na jingine. Mama anayesema kwamba watoto wakienda shule atapata wasaa hupata faragha, kwa kuwa nyumba imebaki tupu kweli. Hupata na nafasi, kwa kuwa pumzi imerudi. Lakini wasaa ni kitu kingine. Wasaa hauna kengele mwisho wake. Naomba msomaji aitunze tofauti hii, kwa sababu nitaitumia.

Mwandishi aliyeifanya hesabu hii kwa uaminifu mkubwa, kwa maoni yangu, ni Tillie Olsen wa Marekani. Alizaliwa Nebraska mwaka 1912, binti wa Wayahudi waliohama kutoka Urusi. Alipokuwa na umri wa miaka 19 alianza riwaya, na mwaka 1934 sehemu yake ya kwanza ilitoka katika jarida la Partisan Review na kusifiwa. Kisha mabinti wanne, kazi za mshahara, na kimya. Zaidi ya miaka 20 ilipita asichapishe hadithi hata moja. Katika kitabu chake Silences, kilichotolewa mwaka 1978, anaeleza jinsi alivyokuwa akiandika ndani ya basi, hata alipokosa kiti, na usiku baada ya kazi za nyumba. Na anasema kwamba mdogo wa watoto wake alipokwisha kuingia shule, ndipo maandishi yaliyokuwa vipande vipande yalipoanza kuelekea kukamilika.

Basi ahadi haikuwa ya uongo mtupu. Lakini tuisome vizuri habari yake. Asubuhi ile iliyoachwa wazi na mtoto wa mwisho haikubaki wazi. Ilikwisha kuuzwa kwa mwajiri, kwa sababu familia ilihitaji mshahara wa mama. Kilichomjia kutoka shule kilikuwa nafasi, pumzi ya kuandikia katika basi na katika usiku usiokatwa na kilio. Wasaa ulimjia kwa mlango mwingine kabisa. Katika mwaka wa masomo wa 1955 na 1956 Chuo Kikuu cha Stanford kilimpa ufadhili wa uandishi, akakaa miezi minane akiwa mwandishi na si kitu kingine. Msaada ulipokwisha alirudi kazini, na kalamu ikazama tena mpaka alipopata msaada mwingine mwaka 1959. Mwaka 1961 kikatoka kitabu chake Tell Me a Riddle, chenye hadithi nne. Nne tu. Mhakiki mwenye haraka ataziona ni chache. Mimi naona kwamba kila moja imetoka katika muda unaoweza kutajwa tarehe, na kwamba kalenda yenyewe ni sehemu ya uhakiki wake.

Ya kwanza katika hizo nne ni I Stand Here Ironing, iliyotoka kwanza mwaka 1956 kwa jina jingine. Mama amesimama anapiga pasi. Mtu fulani, yamkini mwalimu au mshauri wa shule, amemtaka aende wakazungumze juu ya Emily, binti yake wa kwanza mwenye umri wa miaka 19. Mama haendi. Anapiga pasi, na huku mkono ukienda na kurudi anamjibu mtu yule moyoni mwake. Hadithi nzima ni jibu hilo lisilotumwa. Katikati yake mtoto mchanga analia kwa kulowa, mama anakwenda kumbadilisha nguo, kisha anarudi pale alipokuwa amefikia, ingawa wazo alilorudia si lile hasa alilokuwa ameliacha.

Wengi wamesifu sauti ya mama huyo. Ningependa kusifu jambo ambalo halitajwi sana, nalo ni namna hadithi inavyoionyesha shule. Shule haiji pale kama mkombozi wa saa za mama. Inakuja mara tatu, na kila mara inadai. Mara ya kwanza, Emily ana miaka miwili, na mama anampeleka katika shule ya watoto wadogo kwa sababu yeye mwenyewe lazima afanye kazi. Anajua kwamba mahali hapo hapamfai mtoto, naye anampeleka, kwa kuwa hapana pengine. Mara ya pili, Emily amekua, na wadogo zake wanne wako nyuma yake. Kila asubuhi ni vita vya kuchana nywele, kufunga vyakula na kuwahi kengele, na Emily ndiye mama wa pili katika vita hivyo. Mara ya tatu ni ule wito wenyewe wa kwenda kuzungumza. Shule iliyomchukua mtoto sasa inamwita mzazi.

Katikati ya madai hayo kuna kifungu kifupi kisichonitoka akilini. Mama hafanyi kazi ya mshahara wakati huo. Yuko nyumbani na mtoto mchanga. Hii ndiyo saa iliyoahidiwa! Mwandishi mdogo wa kipaji angalimkalisha mama kitini na kikombe cha chai, au angalimpa kalamu. Olsen anamfanya afanye nini? Anamwacha Emily akae nyumbani siku hiyo asiende shule, eti kwa ugonjwa, na pengine mama humzuia hata Susan, mdogo wake Emily, asiende shule, ili awe nao wote pamoja. Mama amepewa faragha, naye ameitumia kulipa deni la mtoto. Hakuna hotuba juu ya tendo hilo. Limesemwa kama kwa kupita njia, na ndiyo sababu linaaminika. Mzazi anapoota saa za uhuru hujiona mwenyewe ndani ya ndoto ile. Saa zenyewe zikija, hukuta kwamba moyo wake haukwenda likizo pamoja na nyumba.

Shirley Jackson, Mmarekani wa kizazi kimoja naye, aliliona jambo hili kwa jicho la mcheshi. Hadithi yake Charles, ya mwaka 1948, yaanza siku mtoto Laurie anapoingia shule ya awali. Asubuhi anaondoka, kufika mchana mlango unagongeshwa ukutani naye amerudi kula, na habari mkononi: kuna mtoto mtundu darasani aitwaye Charles. Nyumba nzima inaishi kwa habari za Charles. Mama anangoja kwa hamu kukutana na mzazi wa mtoto huyo, na anapofika shule anaambiwa na mwalimu kwamba darasani hamna Charles. Wasomaji hucheka, na ni haki yao. Lakini tutazame saa. Tangu mlango wa asubuhi mpaka mlango wa mchana, hadithi haina hata sentensi moja juu ya kile alichokifanya mama mwenyewe. Muda huo umerukwa. Mtoto yuko shuleni kwa mwili, mama yuko huko kwa masikio. Sidhani kwamba Jackson, aliyelea watoto wanne na kuandika usiku na mchana mpaka alipofariki mwaka 1965, aliuacha muda huo kwa kusahau.

Nimetaja kwamba Emily alikuwa mama wa pili. Hapo ndipo hadithi ya Marekani inapogusa nyumba za kwetu, na hapo ndipo ahadi ninayoichungua inapogeuka juu chini. Katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki, mtoto wa kwanza, hasa akiwa msichana, ndiye anayembeba mdogo wake, anayeteka maji, anayechochea moto mama akiwa shambani. Siku mtoto huyo anapoanza shule, mama hafunguliwi mikono. Mama hupoteza mkono mmoja. Tanzania ilipoondoa ada ya shule za msingi mwaka 2002, na Kenya ikafuata mwaka 2003, watoto kwa mamilioni waliingia madarasani, na ilikuwa jambo jema lisilo na shaka. Lakini mtu atakayeandika historia ya saa za akina mama katika miaka hiyo asidhani ya kuwa kila mtoto aliyeingia darasani aliacha nyuma yake asubuhi ya starehe. Wengine waliacha mtoto mchanga asiye na mbebaji.

Tena kengele zetu si moja. Madarasa yakijaa, shule hugawa watoto kwa zamu mbili, wa asubuhi na wa mchana; mwenye watoto wawili katika zamu mbili humpokea mmoja wakati anapomsindikiza mwingine. Unguja na Pemba, na pwani yote, mtoto akirudi skuli hula akaenda chuoni, na juzuu lake lataka kutafutwa kama lilivyotafutwa daftari la asubuhi. Na mama akaangaye vitumbua tangu kabla ya alfajiri, wanunuzi wake ni wanafunzi wale wale, na faida yake ni sare na viatu vya wanafunzi wale wale. Kwake yeye shule kufunguliwa maana yake ni biashara kufunguliwa. Hana habari ya asubuhi iliyo tupu.

Je, fasihi yetu imeyasema haya? Riwaya zetu humpeleka mtoto shule na kumfuata huko. Twamjua mwalimu mkali, kiboko, mtihani, barua ya kufaulu, na mji anaoendea kijana aliyesoma. Mara chache msimulizi hubaki mlangoni pamoja na mama aliyekwisha kuaga. Kitu cha kustaajabisha ni kwamba mfano wetu mashuhuri wa mama mwandishi ni wa kale kuliko shule hizo zote. Mwana Kupona, mzaliwa wa Pate na mke wa Bwana Mataka wa Siyu, aliutunga utendi wake yapata mwaka 1858, akiwa mgonjwa, kwa ajili ya binti yake. Beti zake zipatazo mia zimefafanuliwa mara nyingi kwa mafunzo yake: dini, adabu, heshima kwa mume, usafi wa nyumba. Wengine wamezitetea, wengine wamezishutumu. Mimi nauliza swali la chini zaidi: mama huyu aliupata wapi muda wa kutunga?

Jibu limo mlangoni mwa utendi. Yuko kitandani. Ugonjwa umemwondolea kazi ambazo utendi wenyewe unaziorodhesha kwa urefu kuwa ni wajibu wa mwanamke, na binti amekwisha kufikia umri wa kuitwa aje na wino na karatasi akae karibu. Hivyo saa ya Mwana Kupona ilifunguliwa na vitu viwili: mauti yaliyokuwa yakikaribia, na mtoto aliyekua. Naye mtoto huyo hakuondoka ili mama atunge. Alikaribia ili mama atunge. Nikilinganisha na Olsen, naona jambo ambalo sikulitarajia. Mama wa pasi na mama wa Siyu wote wawili wanaitumia faragha yao kumwita binti, huyu asiende shule, yule aje na karatasi. Bahari na karne zimewatenga, na hapana dalili kwamba mmoja alipata kumsikia mwenziwe, na Mwana Kupona hakuwa na shule ya namna ile mbele yake. Sitaki kuwafanya ndugu kwa nguvu. Nasema tu kwamba anayeusoma utendi kama orodha ya amri hukosa kuona ni nini kilichogharimu kuutamka.

Kuna wasomi watakaonijibu kwamba kipaji cha kweli hakingoji kengele, na watanitajia mashahidi. Watamtaja Toni Morrison, aliyewalea wanawe wawili peke yake huku akiwa mhariri katika kampuni ya vitabu, na akaandika kabla ya mapambazuko. Riwaya yake ya kwanza, The Bluest Eye, ilitoka mwaka 1970. Watamtaja Buchi Emecheta wa Nigeria, aliyekuwa na watoto watano London kabla hajafikisha miaka 23. Mashahidi hawa nawapokea, lakini wanashuhudia upande wangu. Hao hawakungoja shule kwa sababu walijua kwamba shule haitawapa. Walilipa kwa usingizi. Katika Second-Class Citizen, riwaya ya mwaka 1974 iliyo karibu sana na maisha ya Emecheta mwenyewe, Adah anaandika kitabu chake cha kwanza katika madaftari ya shule, na mumewe anauchoma mswada huo. Hebu tulitazame daftari lile. Ni kifaa cha mtoto, kimeazimwa na mama, kwa kuwa katika nyumba ile hakuna kifaa kilichotengwa kwa ajili ya kazi yake. Na katika tabaruku ya riwaya Emecheta anawashukuru watoto wake watano kwa kelele zao. Wako wanaoisoma shukrani hiyo kuwa ni mapenzi, wako wanaoiona ni kejeli. Nadhani ni vyote viwili, na mwandishi hakuona haja ya kutuchagulia.

Virginia Woolf alipoandika mwaka 1929 kwamba mwanamke atakaye kuandika anahitaji chumba chake na paundi mia tano kwa mwaka, alisema kweli, ila alikuwa hana mtoto. Hakulazimika kutaja saa. Chumba chenye kufuli hakimfai mtu anayetega sikio.

Jambo la mwisho ni la fani, na ndilo linalonihusu zaidi kama mhakiki. Alice Munro wa Kanada, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2013 kwa hadithi fupi peke yake, alieleza mara nyingi kwamba alishika hadithi fupi kwa sababu malezi ya watoto hayakumwachia muda wa riwaya. Alipokuwa kijana alidhani ni hatua ya muda. Ikawa kazi ya maisha. Mtu asiseme kwamba fani hiyo ni ndogo kwa kuwa ilizaliwa katika muda mdogo. Kukatizwa kuna sanaa yake. Hadithi ya Olsen inakwenda na kurudi kama pasi. Mawazo yake hayafiki mwisho kwa mstari ulionyooka, kwa sababu maisha anayoyasimulia hayakupata mstari ulionyooka. Tukiipima kwa kanuni ya riwaya yenye mwanzo, kati na mwisho, tutaiona ina mapengo. Lakini pengo lile la mtoto aliyelowa ndilo lililo wazi kuliko maelezo yote juu ya umama niliyopata kuyasoma. Nawaomba wenzangu, wanapopewa kitabu chembamba cha mama anayeandika kwa Kiswahili, wasianze kwa kuhesabu kurasa. Utenzi mfupi, hadithi moja gazetini, shairi lililotumwa redioni na kusomwa mara moja: hivi navyo vina tarehe na saa, na mhakiki asiyezitafuta hajaianza kazi yake.

Ipo hatari upande wa pili pia, nami naiona kwa baadhi ya vijana wetu waandikao juu ya waandishi wanawake. Huruma imewajaa hata wanasifu kila kipande kwa sababu tu mwenyewe alikuwa na kazi nyingi. Hiyo si heshima. Olsen anastahili kusifiwa kwa kuwa sentensi zake zimepigwa pasi mpaka hazina mkunjo, si kwa kuwa alichoka. Zipo kurasa katika Silences ambazo ni mkusanyo tu wa maneno ya watu wengine, zimepangwa bila mshono, na msomaji huchoka nazo. Huenda hata huko ni alama ya muda uliokatwakatwa, lakini kujua sababu ya kasoro hakuiondoi kasoro.

Ile riwaya aliyoianza akiwa na miaka 19 haikupotea. Kurasa zake zilipatikana miaka mingi baadaye kati ya karatasi nyingine, na mwaka 1974, alipokuwa na umri wa miaka 62 na watoto wote wamekwisha kuwa watu wazima, zikachapishwa kwa jina la Yonnondio. Sasa alikuwa na jina, na saa za mchana zilikuwa zake kuliko wakati wowote. Alikaa na zile karatasi, akazipanga, akachagua kati ya maandishi mawili hadi kumi na manne ya ukurasa mmoja. Hakuongeza hata sentensi mpya. Riwaya inakatika pale pale mama kijana wa miaka ya 1930 alipoiweka chini kalamu.